Mwongozo kamili wa kutoka kwa kadi ukiwa bado umekula

Swali ni lilelile kila wiki, anabadilika tu msee anayeuliza. Kufika saa mbili usiku alikuwa amekula, yaani ameshinda, shilingi 1,800, kufika saa sita anatembea kwa miguu kutoka Kawangware mpaka Kangemi hapa Nairobi juu hata nauli iliingia kwa meza, na anataka kujua alicheza kadi gani vibaya. Hakuna kadi alicheza vibaya, alishindwa tu kusimama.

Hapo ndio karibu kila mtu anafelia. Kula si ngumu, kwa usiku mmoja kila mtu kwa meza anakuwa juu angalau mara moja. Shida ni kwamba ule mtu ako juu saa mbili usiku hawezi kuaminiwa kufanya uamuzi, damu imepanda, anaona kila kadi inamjia yeye. Kwa hivyo uamuzi wa kusimama unafanywa na mtu mwingine kabisa, na huyo mtu ni wewe wa saa nane mchana, ukiwa umekula chakula, umetulia, hujaona kadi hata moja.

Kabla tuanze. Ka pesa unataka kuenda nayo ni ya rent, ya fees ama ya mkopo, huu mwongozo si wako, kaa nyumbani. Ka umejaribu kuacha ukashindwa na unacheza ili urudishe ile ulipoteza jana, piga 1199, ni laini ya bure ya Red Cross, utaongea na mtu wa ushauri. Na ujue kucheza kamari kwa nyumba haina leseni ni kosa, polisi wakiingia hawaulizi nani alikuwa anaangalia tu. Pia hii mbinu haifanyi kazi kwa pata potea, ule mchezo wa kubahatisha kadi kwa barabara. Pale barabarani yule unaona anakula ni wa kwao, yule anakusukuma ucheze ni wa kwao pia, huwezi kutoka juu kwa mchezo ambao hukuruhusiwa kula.

Hapa naongea kuhusu kadi ya mtaa, ule mchezo wa kurusha kadi mpaka ziishe mkononi, wasee wanne watano wanajuana, dau ndogo, kwa sebule ya mtu.

## Vitu unahitaji

Hizi ziko na sababu zote, usiruke moja ukidhani ni mapambo.

- 1,000 kwa noti ndogo, za 50 na za 100. Noti ya thao (1,000) ukiivunja kwa meza, chenji yote inabaki kwa meza, nimeona hiyo mara nyingi sana.
- Nauli, mbali na hiyo 1,000.
- Mfuko wa ndani ya suruali. Peleka kwa fundi wa cherehani, mwambie ashone mfuko upande wa ndani, chini ya kiuno, mahali huwezi kufika bila kufungua mshipi. Mimi nilishonewa kwa soo moja (100).
- Karatasi ndogo na biro.
- Ufunguo wa nyumba, na uwe mmoja tu, ule mwingine usiwe na mtu yeyote.
- Mtu unaishi naye anatoka job usiku na hana subira.
- Mtu wa boda mnajuana, alipwe kabla.
- Viatu vya kuingiza mguu tu. Hapana kamba, hapana raba za kufunga. Nitaeleza.

## 1. Andika namba tatu, mchana

Kwa ile karatasi andika: pesa ya kuingia, dari na sakafu. Dari ni pale ukifika juu unatoka, sakafu ni pale ukishuka unatoka. Zangu ni 1,000, 1,400 na 500.

Najua 1,400 inaonekana kidogo, kila mtu analalamika hapa. Sikiza hesabu. Tuseme mchezo ni wa haki kabisa, hakuna anayeiba, wote mnajua kucheza sawa. Ukianza na 1,000 na umeapa hutoki mpaka ufikishe 5,000, mara nne kwa tano utafilisika kabla ufike. Ukitaka kudabo tu, ufike 2,000, ni nusu kwa nusu. Lakini ukitaka 1,400, mara tano kwa saba utafika. Dari ikiwa chini, unaigusa mara nyingi.

Usidanganyike kwamba hiyo hesabu inazaa pesa. Chukua watu saba wa dari ya 1,400: watano wakitoka wamekula 400 kila mmoja ni 2,000, na ni ileile 2,000 ya wale wawili walifilisika. Unachonunua na dari ndogo ni usiku mwingi wa kurudi nyumbani na kitu, kwa bei ya usiku michache mibaya. Ndio maana tunaweka sakafu, ili ule usiku mbaya usikumalize. Ukiwa na sakafu ya 500, kati ya usiku tisa, mitano unatoka umekula 400 na minne unatoka umepoteza 500. Piga mwenyewe, zinalingana.

Karatasi ikiandikwa haibadilishwi. Iingie mfuko wa shati, upande wa kifua, uwe unaisikia ukiinama.

## 2. Piga hesabu ya kato ya mwenye nyumba

Hii wengi hawaifanyi na ndio inawamaliza polepole bila kujua.

Ile nyumba mnachezea si ya bure. Mwenye nyumba anatoa kato kila raundi, ya stima, ya chai, ya kukaa. Chukua meza ya watu watano, kila mmoja anaweka 40, chini kuna 200, mwenye nyumba anachukua 20. Inaonekana ni kitu kidogo. Sasa raundi ya kadi ya watu watano inakula kama dakika tano, hizo ni raundi 12 kwa saa, kwa hivyo kila saa 240 inatoka kwa meza na hairudi. Mkianza saa kumi na mbili jioni mkamaliza saa sita usiku, 1,440 imeenda kwa kabati. Na nyinyi watano mlikuja na 5,000 jumla, kwa hivyo zaidi ya robo ya pesa yote imetoka na hakuna hata mmoja wenu ameikula.

Kwa hivyo wakati ndio adui hapa kuliko yule jamaa anajua kuchanganya. Ukikaa masaa matatu unakatwa nusu ya yule amekaa masaa sita. Ile hesabu yangu ya tano kwa saba inashuka kila dakika ukiwa umekaa, na hii ndio sababu dari iwe karibu, na saa ya kutoka iwe mapema.

Ka nyumba inakata zaidi ya moja kwa kumi, usiende. Tafuta nyingine ama kaeni kwa ngazi za ploti mcheze na njugu.

## 3. Panga ufunguo

Hapa ndipo roho ya mpango iko, soma polepole.

Mimi naishi na mdogo wangu, anafanya job dukani, anafika nyumbani saa nne kasoro usiku, miguu inamuuma na njaa imemshika. Siku ya kadi natoka na funguo zote. Yeye anajua hana ufunguo. Namwambia asubuhi kabisa, "Leo niko na ufunguo, saa nne nakufungulia." Basi, kuanzia hapo sina uchaguzi. Saa nne kuna mtu amesimama nje ya mlango na mfuko wa sukuma wiki, na kila dakika nikiongeza kwa meza ni dakika yake kwa baridi.

Kwa nini si alamu ya simu? Juu alamu unaizima. Nilijaribu alamu miezi miwili, nikawa naizima na kidole gumba bila hata kuangalia, mkono mwingine umeshika kadi. Mdogo wangu hazimiki. Anapiga, nisiposhika anapiga tena, na nisiposhika kabisa anapigia mama, na mama akishaingia kwa hiyo story hakuna msee kwa meza atakwambia ukae.

Chagua huyo mtu vizuri. Asiwe mpole. Dadangu aliwahi kungoja kwa ngazi masaa mawili bila kupiga simu hata moja, akidhani nimekwama jam, na mimi nilikuwa nimekaa nimepiga goti kwa kiti cha mtu nikitafuta kadi ya kopa. Sikuwahi kumfanyia hivyo tena, na hata ule usiku nilitoka mikono mitupu.

Angalia hapa: asiwe mtoto, asiwe mgonjwa, asiwe mtu anaweza kuingia hatari akingojea nje. Ka mtaa wenu si salama usiku, tumia geti badala ya ufunguo. Ploti nyingi keyateka anafunga geti saa tano na hafungui tena, mwambie mchana, "Leo nikichelewa usinifungulie," na umwambie ukimwangalia machoni.

Yule wa boda ni wa kuongezea nguvu. Mlipe nauli mchana, mwambie afike kwa geti ya ile nyumba mnachezea saa tatu na nusu na apige honi mpaka utoke. Akishalipwa anakuja, na honi ya boda kwa sebule ya watu wanacheza kimyakimya haivumiliki, mwenye nyumba mwenyewe atakutoa.

## 4. Sema "niko kadi" ukiingia mlangoni

Kila mtu Nairobi anajua hii sheria. Ukibaki karibu kumaliza kadi zako unasema "niko kadi", na usiposema huwezi kumaliza, unaokota unaendelea kucheza. Kutoka kwa meza ni hivyohivyo.

Ukifika, kabla hujakaa, kabla hujasalimia hata wa mwisho, sema kwa sauti wote wasikie: "Wazee, mimi leo ni mpaka saa tatu na nusu, niko na ufunguo wa nyumba." Sema mara moja, usieleze zaidi.

Sababu ni heshima na usalama. Mtu akikula halafu ashtuke ati ana safari, watu wanaona amewatoroka na pesa yao, na wako na haki kukasirika. Lakini ulisema mapema, ukiwa na 1,000 yako kama wao, hukuwa umejua ka utakula ama utaliwa. Hakuna wa kukulaumu. Utaona umefaulu hii hatua ukiskia mtu mwingine ndio anakukumbusha, "Saa tatu na nusu imefika, si ulisema una ufunguo?"

Alafu kaa karibu na mlango. Na viatu viache vikiangalia nje. Nyumba zetu tunavua viatu mlangoni, na hapa nimeona watu wengi wakianguka: mtu amesimama, ameaga, anainama kufunga kamba za raba, zile dakika mbili za kuinama anaskia kadi zikichanganywa nyuma yake, ile sauti ya kadi zikiingiana, na anavua raba tena. Kiatu cha kuingiza mguu kinachukua sekunde moja.

## 5. Mfuko wa mbele na mfuko wa ndani

Pesa yako yote ya kucheza ikae mfuko wa mbele. Kila ukipanda 100 juu ya pesa uliyoingia nayo, hiyo soo inaenda mfuko wa ndani. Unaomba choo, unaenda, unafungua mshipi, unaiweka, unarudi. Shosho zetu walifunga pesa kwa pindo la leso kwa sababu hii hii, fundo linakupa muda wa kufikiria.

Pesa ikishaingia mfuko wa ndani haichezi tena. Hii ndio sababu ule mfuko uwe mahali pa aibu: hakuna mtu mzima atafungua mshipi mbele ya wazee watano ili aongeze dau. Na ukienda choo kuitoa, umeshaamka tayari, umeshatoka nje ya ile joto ya meza, nusu ya kazi imefanyika.

Simu nayo usiisahau. Jitoe Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kupitia *234# kabla ya siku ya kadi. Pesa taslimu ikiisha kuna mtu atasema "nitumie tu", na ukituma na Fuliza unacheza na deni, sakafu yako imetoboka. Ka tayari uko na deni la Fuliza, ile pesa utakula ukiiweka tu inakatwa kwanza, kwa hivyo lipa hilo deni na hii wiki usicheze.

## 6. Ukigusa dari

Umehesabu, mbele na ndani jumla ni 1,400. Mwili utakwambia vitu vitatu, na vyote navijua: mikono inapata joto, unaanza kuongea sana, na unaanza kuwahurumia wale wengine. Hiyo huruma ndio hatari zaidi, utaskia roho ikisema acha niwape nafasi warudishe. Usiwape. Walikuja wenyewe na pesa yao wenyewe.

Cheza raundi mbili zaidi kwa dau ya chini kabisa ya hiyo meza. Ndio, najua ni kusema toka alafu nasema cheza, lakini ukisimama mara tu umevuta pesa ya chini meza yote inakuangalia mkono. Raundi mbili za 40 zinaweza kukugharimu 80 na zinanunua amani. Ukiliwa zote mbili ni vizuri hata zaidi, unatoka watu wakiwa wamekuona umepoteza.

Kwa hizo raundi usijaribu kuwa mjanja. Mtu akikurushia kadi ya mbili, okota kadi zako mbili ukae.

Ukigusa sakafu badala ya dari, hakuna raundi mbili. Unasimama palepale. Ile 500 imebaki ni ya unga, na ni yako.

## 7. Kusimama

Simama kwanza, ongea baadaye. Mtu akiongea akiwa amekaa anajadiliwa, mtu akiwa wima ameshaondoka.

Simama kati ya raundi, kadi zikiwa hazijagawanywa. Ukishagawiwa, umenaswa, kuacha kadi mezani ni matusi. Weka 50 ya chai mbele ya mwenye nyumba, ndio mlango ubaki wazi siku nyingine, alafu sema maneno haya na usiongeze: "Wazee, asanteni, ufunguo."

Watakuvuta, na njia ni zilezile. Mmoja atasema raundi ya mwisho tu. Raundi ya mwisho ilishapita, mwambie "tulishacheza" huku ukiingiza mguu kwa kiatu. Mwingine atasema unaenda na pesa yetu, huyo usimjibu kwa hesabu, hesabu inafungua mazungumzo, mwambie tu "tutaonana". Yule mgumu ni rafiki yako wa kweli, ameliwa, ameinamisha kichwa, anakuangalia. Mimi huyu namkopesha nauli yake. Nauli peke yake, tena kwa mkono, nikiwa nje ya mlango, na namwambia twende pamoja. Wakati mwingine anakuja.

Usihesabu pesa pale. Usitabasamu sana. Asante na kwaheri.

## 8. Njia ya kurudi

Hapa ndio nilianguka mimi, kwa hivyo nasema kwa uchungu. Nilishatoka, niko na 2,300, nimefika geti, nikakumbuka nimeacha kofia. Nikarudi kuchukua kofia. Mtu akasogea akaniachia nafasi kwa kochi, bila hata kusema kitu, akapiga kile kitambaa na mkono hivi mara mbili. Nikakaa. Kofia ilikuwa ya 150. Nilitoka saa nane usiku na ile kofia kichwani na mifuko yote miwili tupu, juu nilienda choo mara nne kufungua mshipi.

Kitu chochote umeacha, kimeachwa. Utakipata kesho mchana, utumie mtoto.

Panda boda, nyumbani moja kwa moja. Ka kuna duka la M-Pesa bado liko wazi na mahali pana watu na taa, weka pesa, kuweka haikatwi kitu. Ka hakuna, usitafute kwa giza, lala nayo. Asubuhi weka 1,000 kwa akaunti ya kufunga ya M-Shwari, ile akiba ya M-Pesa. Uzuri wake ni kwamba ukitaka kuitoa kabla ya muda, unaomba alafu unangoja saa 48, na hizo siku mbili ndizo roho huwa inawasha sana kurudi kwa meza.

## 9. Siku saba

Usicheze tena kwa siku saba. Watakupigia kesho yake, hiyo ni lazima, msee amekula anaalikwa kuliko msee ameliwa. Waambie Jumamosi ijayo, na mchana wa hiyo Jumamosi unachukua karatasi nyingine unaandika namba upya kuanzia 1,000. Hauingii na 1,350 ati kwa sababu ulikula. Hiyo 350 imeshatoka kwa kadi, nunua kitu kinaonekana. Mimi ya kwanza kabisa nilinunua sufuria, namba sita, na kifuniko chake.

Ukifaulu utajua namna hii. Saa nne kasoro dakika kumi boda inazima nje ya ploti, unapanda ngazi, unamkuta mdogo wako ndio anafika, bado hajaweka mfuko chini. Anakuangalia mkono ka umeshika ufunguo. Unafungua, anaingia jikoni anawasha gesi, na wewe unaenda bafu kufungua mshipi.